Jicho la Mtoto na Utumbo Wake: Madhara Yasiyozoeleka ya Ugonjwa wa Seliaki

Kila mwaka, mwezi Juni na mwezi Desemba, watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi miezi 59 hupewa matone ya vitamini A. Huko Nkoaranga na katika vijiji jirani vya miteremko ya Mlima Meru, kama ilivyo kwingineko nchini, mama hufika kliniki na mtoto mgongoni, mhudumu hukata ncha ya kidonge laini na kumkamulia mtoto kinywani. Kidonge cha bluu, chenye yuniti 100,000, ni cha aliye chini ya mwaka mmoja. Chekundu, chenye yuniti 200,000, ni cha aliyetimiza mwaka na kuendelea. Ni kazi ya dakika moja, na kwa watoto walio wengi akiba hiyo hutosha kwa miezi minne hadi sita.

Wapo, hata hivyo, watoto wachache ambao matone hayo hupita tumboni mwao kama mvua inavyoteleza juu ya jani la mgomba. Mtoto amepewa matone, anakula mchicha na maembe kama wenzake, na bado jioni hujikwaa kwenye kizingiti ambacho mchana hukiruka bila shida. Macho yake ni makavu, hupepesa mara kwa mara, hukwepa jua. Huyu mara nyingi huambiwa kwamba hali chakula vizuri, au kwamba mama yake hamjali. Huenda wote wawili hawana kosa. Huenda tatizo liko katika utumbo usioweza kupokea kile kinachotiwa ndani yake.

Mojawapo ya magonjwa yanayouharibu utumbo kwa namna hiyo huitwa seliaki. Si ugonjwa unaotajwa sana katika jumuiya zetu, na tunakiri tangu mwanzo kwamba katika nchi yetu magonjwa mengine huleta dalili zinazofanana nao kwa wingi zaidi. Lakini unastahili kufahamika kwa sababu unagusa macho ya watoto kwa njia ambazo mzazi hawezi kuzikisia, na kwa sababu kwa familia ya Kikatoliki tiba yake inafika hadi kwenye Meza ya Bwana.

Ugonjwa wenyewe

Mpishi wa chapati huijua gluteni kwa mikono yake hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Ndiyo protini inayoufanya unga wa ngano uvutike na kushikamana unapokandwa. Unga wa mahindi au wa muhogo, hata ukiukanda mpaka jioni, hauvutiki hivyo. Gluteni imo katika ngano, katika shayiri na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Haimo katika mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, muhogo, viazi wala ndizi.

Kwa mtu mwenye seliaki, kinga ya mwili huichukulia gluteni kama adui, na katika vita hivyo kinachoumia ni utumbo mwembamba wenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo huo umefunikwa na vijidole vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo kazi yake ni kunyonya chakula kilichokwisha kumeng'enywa. Vijidole hivyo hufupika, kisha husawazika kabisa, mfano wa zulia lililokatwa manyoya yake. Chakula hupita bila kunyonywa. Madini ya chuma hupotea na mtoto hupungukiwa damu, foliki hupotea, mafuta hupotea kwenye choo, na pamoja na mafuta hupotea vitamini zinazosafiri ndani yake, yaani A, D, E na K.

Huu si mzio wa kawaida wa chakula, wala si sumu, wala hauambukizi. Ni lazima mtu awe amezaliwa na vinasaba fulani, ingawa wengi wenye vinasaba hivyo hawaugui kamwe. Duniani kwa ujumla hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila mia ana seliaki, na wengi wao hawajui. Anayedhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu peke yao na asikie habari ya Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi katika bara letu hili: mwaka 1999 watafiti walipowapima watoto wao, waliwakuta wagonjwa zaidi ya watano katika kila mia, kiwango kikubwa kuliko vingine vyote vilivyokuwa vimeripotiwa. Wasahrawi walikuwa wamehamia kwa haraka kwenye vyakula vya ngano.

Habari ya ndizi

Hapa inafaa tukae kidogo kwenye historia, kwa sababu inawahusu watu wa Meru kwa namna ya pekee.

Mwaka 1888 daktari wa London, Samuel Gee, aliwaeleza watoto wenye tumbo lililovimba, mikono na miguu iliyokonda na choo kingi cheupe chenye harufu mbaya. Alisema kwamba wakipona, watapona kwa chakula. Hakujua ni chakula gani. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba amepata chakula chenyewe: ndizi. Aliwalisha watoto mahututi ndizi nyingi kila siku, akawazuia mkate na nafaka, na watoto waliokuwa wakifa wakanenepa. Kwa miaka mingi wazazi wa Marekani waliamini kwamba ndani ya ndizi mna dawa ya siri.

Hakukuwa na siri yoyote ndani ya ndizi. Watoto walipona kwa sababu ya kile ambacho hawakula. Aliyeligundua hilo ni daktari Mholanzi, Willem Dicke, ambaye tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili alishuku ngano. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, Uholanzi ilipokumbwa na njaa na mkate ukawa adimu, watoto wake wagonjwa walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake, na tangu hapo tiba imebaki ileile: kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Kosa la Haas liliwagharimu wengi, kwani aliwaambia wazazi kwamba mtoto akishapona anaweza kurudia mkate. Waliorudia waliendelea kuumia kimyakimya.

Sasa tazama jiko la bibi wa Nkoaranga. Mtori, ndizi za kupikwa na maharage, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, makande, uji wa ulezi: hakuna hata kimoja chenye gluteni. Mtoto aliyezaliwa na mwelekeo wa seliaki anaweza kukua katika jiko hilo bila dalili yoyote kwa muda mrefu. Lakini majiko yanabadilika. Ngano na shayiri si wageni wa mbali kwetu. Hulimwa Monduli, Karatu na Kilimanjaro Magharibi. Maandazi na chapati ndiyo kifungua kinywa cha mwanafunzi, tambi na biskuti zimeingia hadi kwenye duka dogo la kijijini. Hata unga wa lishe, ambao mama huununua kwa nia njema kabisa ili mtoto apate nguvu, mara nyingi huchanganywa na ngano. Kwa mtoto mwenye seliaki, uji huo unaosifiwa ndio unaomdhoofisha.

Macho yanavyoathirika

Athari ya kwanza, na iliyo rahisi kueleweka, ni ile ya vitamini A. Ndani ya jicho, kwenye utando wa nyuma unaopokea mwanga, kuna chembe zinazotuwezesha kuona palipo na mwanga hafifu. Chembe hizo hutumia vitamini A kutengeneza rangi inayonasa mwanga. Vitamini ikipungua, kinachotangulia kupotea ni kuona jioni. Mtoto mdogo hawezi kueleza hilo. Atakaa tu mahali pamoja jua linapozama, atakataa kutumwa nje, atapapasa sahani yake. Watu watasema ni mwoga au mzito.

Baadaye hukauka utando mweupe wa jicho. Huonekana hauna mng'ao, umekunjamana, na kwa baadhi ya watoto hutokea doa jeupe mfano wa povu la sabuni, hasa upande wa jicho ulio karibu na sikio. Madaktari huliita doa la Bitot. Mpaka hapo tiba huponya. Lakini ukavu ukifika kwenye kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni, mambo huenda mbio: kioo hupata ukungu, kisha kidonda, kisha hulainika na kutoboka, wakati mwingine ndani ya siku chache. Jicho lililotoboka halirudi.

Katika nchi yetu njia hii ya upofu inafahamika kwa sababu nyingine. Katika miaka ya 1980 madaktari waliochunguza vidonda vya kioo cha jicho na upofu wa watoto nchini Tanzania waliutaja ugonjwa wa surua, upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni. Chanjo ya surua na matone ya vitamini vimeokoa macho mengi tangu wakati huo. Jambo la kushika ni hili: mtoto anapopata upofu wa usiku, hutibiwa kwa dozi kubwa tatu za vitamini A, siku ya kwanza, siku ya pili, na nyingine baada ya wiki mbili. Akipona na kubaki amepona, vema. Lakini hali ikirudi baada ya miezi michache, au isipotulia kabisa ingawa dawa ilitolewa sawasawa, swali linapaswa kuhama kutoka kwenye sahani kwenda kwenye utumbo. Katika sehemu mbalimbali za dunia wamepatikana wagonjwa ambao seliaki yao ilitambuliwa kwanza na daktari wa macho, kwa sababu ya ukavu na upofu wa usiku wa namna hiyo, hata bila kuharisha.

Mzazi asiongeze vidonge vya vitamini A kwa uamuzi wake. Ikizidi, vitamini hiyohiyo huongeza shinikizo ndani ya fuvu la kichwa, na shinikizo hilo huvimbisha neva ya jicho. Mtoto huumwa kichwa, hutapika, huona vitu viwili viwili. Shinikizo la namna hiyo limeripotiwa pia kwa baadhi ya wagonjwa wa seliaki wenyewe.

Athari ya pili haitokani na njaa ya vitamini bali na kinga ya mwili iliyokosa utulivu. Sehemu ya kati ya jicho, yenye mishipa mingi ya damu, inaweza kuvimba. Jicho huwa jekundu kuizunguka mboni, huuma, huogopa mwanga, na kuona hufifia. Huu si wekundu wa kawaida wenye tongotongo, na dawa ya tongotongo haiuponyi. Huko Sweden, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wagonjwa wa seliaki zaidi ya 28,000 ukaona kwamba uvimbe huo uliwapata kwa kiasi cha theluthi moja zaidi ya watu wengine. Ongezeko la mtoto wa jicho nalo lilionekana, kwa kiasi kidogo kidogo kuliko hilo. Ni hatari ndogo kwa mgonjwa mmoja mmoja, wala mzazi asikose usingizi kwa ajili yake. Lakini mtoto aliyekwisha kutambuliwa kuwa na seliaki akipata jicho jekundu linalouma, apelekwe kwa mtaalamu wa macho mapema.

Athari ya tatu ni adimu zaidi kuliko zote, nayo ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Mwaka 1992 madaktari wa Italia, wakiongozwa na Giuseppe Gobbi, walieleza kundi la wagonjwa wenye mambo matatu kwa pamoja: seliaki, kifafa, na amana za chokaa kwenye ubongo. Amana hizo hukaa sehemu ya kisogoni, na kisogo ndiko ubongo unakopokea habari za macho. Kwa hiyo kifafa chao huanza na kuona. Mtoto husema ameona miduara ya rangi, nyota zinazometa, mwanga unaozunguka. Au kwa dakika chache haoni kabisa, macho yakiwa mazima. Baada ya hapo anaweza kutapika na kuumwa kichwa, na wala si lazima aanguke. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na upungufu wa foliki, na ilionekana kwamba walioanza mapema kuacha gluteni walipata nafuu zaidi kuliko waliochelewa.

Mtoto anayesema ameona taa za rangi ambazo hakuna mwingine aliyeziona, katika vijiji vyetu ataitwa nani? Wengine watasema ana mapepo, wengine watasema amerogwa, na wapo watakaomtangaza kuwa mwenye maono. Waamini wanaoombwa kumwombea mtoto wa namna hiyo na wamwombee kwa moyo wote, na siku ileile waulize kama amefika hospitali. Tuongeze kwamba katika kanda yetu, hasa maeneo ya ufugaji wa nguruwe kama Mbulu, chokaa kwenye ubongo wa mwenye kifafa mara nyingi zaidi husababishwa na mabuu ya tegu wa nguruwe. Picha ya kichwa peke yake haitoshi kusema ni kipi. Daktari atahitaji kusikia habari ya tumbo, ya ukuaji na ya chakula.

Meno ya Meru

Vitabu vya tiba humwelekeza daktari atazame meno. Seliaki ikianza utotoni, gamba la nje la meno ya kudumu huota na madoa, vishimo au mistari. Kwingineko alama hiyo ni msaada mkubwa. Kwetu ni kitendawili. Maji ya chemchemi na mito mingi kuuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, na kuanzia Maji ya Chai hadi Ngurdoto watu wazima kwa watoto wana meno ya kahawia. Floraidi ikizidi sana hupindisha hata miguu ya watoto. Basi mtoto wa huku akiwa na meno yenye madoa na miguu iliyopinda, kila mtu atasema ni maji, na mara nyingi atakuwa amesema kweli. Lakini miguu inaweza kupinda pia kwa kukosa vitamini D isiyonyonywa. Ndiyo maana huku macho, uzito, urefu na wekundu wa damu vina maneno ya kuaminika zaidi kuliko meno. Mtoto ambaye kadi yake ya kliniki inaonyesha alikua vizuri mpaka alipoanza kula vyakula vya ngano, kisha mstari ukalala au kushuka, kadi hiyo ni ushahidi. Isitupwe hata akishavuka miaka mitano.

Kupima

Katika mazingira yetu mtoto anayeharisha kwa muda mrefu na kudhoofu hupaswa kwanza kuchunguzwa minyoo na vijidudu vya jiadia, kifua kikuu, Virusi vya UKIMWI na utapiamlo wa kawaida. Daktari akianzia huko hapotezi muda. Anafuata njia sahihi. Hayo yakiondolewa na dalili zikabaki, kipo kipimo cha damu kinachotafuta chembe za kinga zinazotokea kwa mwenye seliaki. Kikionyesha hivyo, kwa kawaida mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa kinywani hadi kwenye utumbo mwembamba na vinyama vidogo huchukuliwa ili kutazamwa kwa hadubini.

Hapa kuna kosa ambalo wazazi wenye bidii hulifanya. Wakisikia habari za ngano huiondoa mara moja, mtoto anapata nafuu, kisha wanakwenda kupima. Gluteni ikiondolewa, chembe zile hupungua kwenye damu na utumbo huanza kujiponya. Kipimo kitasema hakuna ugonjwa. Mtoto anayeshukiwa aendelee kula ngano kila siku mpaka vipimo vikamilike, isipokuwa daktari aagize vinginevyo. Na asiyepimwa asifungiwe maisha yote katika mwiko mgumu kwa kukisia tu.

Familia za Nkoaranga wanayo hospitali ya Kilutheri palepale kijijini, inayohudumia watu wa madhehebu yote, na kutoka hapo mgonjwa anaweza kuelekezwa Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru mjini Arusha au KCMC huko Moshi, ambako idara ya macho imewafundisha wataalamu wengi wa nchi hii. Upofu wa usiku ni jambo la wiki hii. Kidonda kwenye kioo cha jicho ni jambo la leo, hata kama ni Jumapili.

Na dawa za majani, asali au maziwa ya mama visitiwe machoni. Huwa tunasikia kwamba mtu fulani alipona kwa hivyo. Waliopofuka hawasimulii sana.

Sahani na mashine ya kusaga

Mtoto wa Meru aliyethibitika kuwa na seliaki ana bahati ambayo mtoto wa Ulaya hana, kwa sababu chakula cha nyumbani kwao ndiyo tiba yake. Vitumbua vya mchele badala ya maandazi, viazi vitamu na mihogo badala ya mkate, ugali, wali, ndizi, maharage, nyama, maziwa, mayai. Kwa ajili ya macho yaongezwe maini, mboga za majani zilizopikwa na mafuta kidogo, papai, maembe, karoti na viazi lishe vya rangi ya machungwa. Utumbo ukianza kupona, ndipo vyakula hivi vinapoanza kumfaidia. Maziwa yanaweza kumsumbua tumbo mwanzoni na kukubalika baadaye.

Ugumu uko mahali pengine. Mashine ya kusaga ikimaliza ngano ya mteja mmoja na kuanza mahindi ya mwingine, debe la kwanza la mahindi hutoka na ngano ndani yake. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi mitatu zilitosha kuuumiza utumbo wa mwenye seliaki, wakati kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 au zaidi. Kwa hiyo mama anapaswa kusubiri mashine isage mahindi ya wengine kwanza, au kupata mahali pasiposagwa ngano. Mafuta yaliyokaangia maandazi yasikaangie vitumbua. Shuleni walimu waelezwe, na bibi aelezwe kwa subira, kwani bibi anayempa mjukuu kipande cha chapati kwa siri anadhani anampenda.

Mtoto huyu na Ekaristi Takatifu

Mwaka unakuja ambapo mtoto huyo atakaa na wenzake katika darasa la Komunyo ya Kwanza, na mzazi ataanza kuogopa. Hostia ni ngano. Katekista asipojua la kusema, mtoto anaweza kuambiwa aketi tu benchi, au apewe baraka. Hilo si lazima, na Kanisa limekwisha kulifafanua.

Sheria ya Kanisa, Kanuni ya 924, inataka mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu. Kwa hiyo hostia ya mchele, ya mahindi au ya muhogo, hata ikiandaliwa kwa huruma, haiwezi kuwa Ekaristi. Barua ya tarehe 24 Julai 2003 ya Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, ilieleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa si halali, lakini hostia ya ngano yenye gluteni kidogo sana ni halali, mradi gluteni iliyobaki iweze kuushikamanisha mkate bila kuongezwa kitu kigeni. Waraka wa Baraza la Kipapa la Ibada na Nidhamu ya Sakramenti za Kanisa, wa tarehe 15 Juni 2017, uliwakumbusha Maaskofu mafundisho hayohayo. Hostia za namna hiyo zipo; watawa Wabenediktini wa Clyde, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, wamekuwa wakizioka kwa miaka mingi. Ruhusa ya kuzitumia hutolewa na Askofu, naye aweza kuitoa kwa muda wote ambao hali ya mwamini inadumu. Mzazi amwone Paroko mapema, miezi kadhaa kabla ya sherehe, akiwa na cheti cha daktari, na amwulize daktari kama kiasi hicho kidogo kinamfaa mtoto wake.

Asiyeweza kupokea hata hostia hiyo anayo njia nyingine iliyo wazi katika Kanuni ya 925: kupokea katika umbo la divai peke yake. Hapokei nusu. Mtaguso wa Trento mwaka 1551 ulifundisha kwamba Kristo yumo mzima katika kila umbo, na katekista mwema atalieleza hilo mbele ya darasa zima, ili wenzake wasije wakadhani mtoto huyu amepewa upendeleo au amenyimwa kitu.

Kuna jambo moja la vitendo linalosahauliwa. Katika kila Misa, kabla ya Komunyo, Padre humega kipande cha hostia na kukitia katika kalisi yake. Kalisi hiyo haimfai tena mwenye seliaki, wala haimfai kalisi ambamo hostia zimechovywa. Kiandaliwe kikombe kidogo cha pembeni, kiwekwe juu ya altare tangu matoleo, na mtoto apokee kutoka humo kabla ya wengine. Anayetumia hostia ya gluteni kidogo, hostia yake ikae katika chombo chake chenye kifuniko, na mhudumu aishike kabla hajagusa nyingine. Msimamizi wa sakristia aandike maelekezo hayo na kuyabandika ndani ya kabati, kwa sababu Padre wa Jumapili ijayo anaweza kuwa mgeni.